Nani Amerithi Kiungani?

Mwaka jana nilialikwa kwenye jubilei ya chuo kimoja cha kanisa. Jina lake nalihifadhi, kwa kuwa ninayotaka kuyasema yanavihusu vyuo vingi, na kwa kuwa wenyeji wangu walinikirimu vema. Palikuwa na ibada, maandamano ya wanataaluma katika majoho, kwaya tatu, mgeni rasmi aliyechelewa kwa saa mbili, na hotuba ambayo ndani yake neno "urithi" lilitamkwa mara nyingi hata kijana aliyeketi kando yangu akaanza kulihesabu kwa vidole. Kabla ya chakula nilitoroka nikaenda maktaba. Nilikuwa nimesikia kwamba wanafunzi wa mwanzo wa chuo hicho walikuwa wakitoa jarida lao wenyewe, nikatamani kuliona. Mkutubi alinipeleka stoo. Majarida yalikuwamo ndani ya kasha la bati, na juu ya kasha yalikuwa yamepangwa marobota ya vitenge vya jubilei, vyenye nembo ya chuo na picha ya mwanzilishi. Hatukuweza kulifungua. Akaniomba nirudi vitenge vikishauzwa.

Nimelitafakari kasha lile kwa miezi kadhaa. Sina ugomvi na vitenge. Mke wangu anavyo viwili. Ugomvi wangu ni na namna tunavyolitumia neno urithi katika vyuo vya Kikristo nchini mwetu. Tumelifanya liwe neno la sherehe na la kuombea michango, neno la kumnyamazishia kijana anayeuliza kwa nini mhadhiri wake hajaonekana darasani tangu wiki ya tatu. Nami nadai kwamba vyuo hivi, vikiupima urithi wao kwa haki, vitakuta kwamba vimeutupa kwa mikono yao wenyewe, na kwamba Serikali, inayosingiziwa kila mara, ina sehemu ndogo katika hasara hiyo.

Nianze na Kiungani, kwa sababu ndiyo mama wa habari hii na kwa sababu wanaoitaja ni wengi kuliko wanaoijua.

Mwaka 1864 Askofu William Tozer na Edward Steere wa misheni ya Universities' Mission to Central Africa, UMCA, walifika Unguja wakitokea kwenye jaribio lililoshindwa huko bara, upande wa mto Shire, ambako Askofu Mackenzie aliwatangulia na kufa mwaka 1862. Hawakuwa na waumini, hawakuwa na shule, na lugha ya mahali hawakuijua. Sultani Majid akawapa watoto watano wa kiume waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Chuo kilianza na hao. Baadaye shule ikawekwa Kiungani, kusini kidogo mwa Mji Mkongwe ukielekea Mbweni, na kwa muda ikajulikana kuwa Chuo cha Mtakatifu Andrea. Mmoja wa wale watano, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao ambaye naye alikuwa amekombolewa utumwani, akapewa ukasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni hiyo.

Hayo huwa yanasemwa kwenye mahubiri. Yasiyosemwa ni kazi iliyokuwa ikifanyika pale kati ya asubuhi na jioni. Watoto wale walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, kila mmoja na lugha ya mama yake, wakilazimika kukutana katika Kiswahili. Mwalimu wao Steere hakijui Kiswahili. Anakijifunza huku akiwafundisha. Anakwenda mjini kuwauliza masheikh na wasimulizi wa hadithi, anarudi na madaftari, anayajaribu maneno darasani. Mwaka 1870 akachapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja na mkusanyiko wa hadithi za Waswahili. Palikuwa na matbaa, na vijana wa misheni walipanga herufi na kuchapa kurasa kwa mikono yao. Mtoto aliyeuzwa kwa vipande vya nguo akiwa na miaka minane alikuwa, miaka kumi baadaye, akisahihisha kurasa za lugha ambayo wakubwa wa dunia hawakuwa bado wameamua kama ni lugha au la.

Naomba msomaji akae kidogo hapo. Sizungumzii wingi wa madarasa wala urefu wa mnara. Nazungumzia chuo ambamo mwalimu na mwanafunzi hawakuwa na jibu tayari, wakalitafuta pamoja. Matokeo yake bado tunayala. Kamusi za Madan, aliyekuwa mtu wa misheni hiyohiyo, zilitoka mwaka 1894 na 1903, na ile kamusi ya Frederick Johnson ya 1939, iliyolea vizazi vya walimu wa Kiswahili, ilijengwa juu ya Madan. Wakati serikali za kikoloni zilipoketi miaka ya 1920 kuchagua lahaja ya kusanifishwa, na kikao cha Mombasa cha 1928 kikaamua ni Kiunguja, sehemu kubwa ya sababu ilikuwa kwamba Kiunguja kilikwisha kuwa na sarufi, kamusi, na Biblia nzima tangu 1891. Mtumishi wa umma anayeandika leo dokezo la ofisi kwa Kiswahili sanifu anatembea juu ya sakafu ambayo ubao wake mmoja uliranda Kiungani.

Wala sakafu hiyo haikuwekwa na Wakristo peke yao. Steere alifundishwa na Waislamu wa mjini Unguja, wasomi na waganga wa ngano, watu ambao hawakuwa na haja ya ubatizo wake na bado walimpa maarifa yao. Nalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa kuna kauli inayoenea siku hizi kwamba chuo cha Kikristo hulinda utambulisho wake kwa kujitenga. Chuo mama kilijengwa kwa kwenda kubisha hodi kwa jirani.

Nisije nikaonekana napamba kaburi. Kiungani ilikuwa pia mahali pa ubwana. Wamisionari waliwapanga vijana kwa madaraja: wenye vichwa vya vitabu wakawekwa njia ya ualimu na ukasisi, wengine wakapelekwa kwenye kazi za mikono, na kule Mbweni wasichana nao wakachambuliwa vivyo hivyo, wengine kwa ualimu, wengine kwa kufua na kupiga pasi. Mwaka 1887 kilitoka London kitabu kiitwacho Kiungani, ambacho ndani yake wanafunzi wenyewe walisimulia jinsi walivyotekwa, walivyouzwa, walivyovuka bahari. Kwa kadiri ninavyoona hakuna maandishi ya wanafunzi wa Afrika Mashariki ya karne ile yenye uzito kama huo. Lakini ukikitafuta katika orodha za maktaba utalikuta jina la mfasiri na mhariri, Arthur Cornwallis Madan. Waandishi ni "wavulana". Huo nao ni urithi, na chuo chenye uhai wa kitaaluma kingekuwa kimeshawapa wanafunzi wake wa historia kazi ya kuwatafuta wavulana hao mmoja mmoja katika madaftari ya ubatizo. Tungeibiwa mara moja tu.

Nimfikie Frank Weston. Alikuwa mkuu wa Kiungani kuanzia 1901 hadi alipofanywa Askofu wa Zanzibar mwaka 1908. Mwaka 1907, akiwa mkuu wa chuo, akiwa na zamu za darasa na homa za Unguja, alichapisha kitabu cha theolojia juu ya nafsi ya Kristo ambacho wanatheolojia wa Uingereza walilazimika kukijibu. Mwaka 1920, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwasukuma Waafrika wa Kenya kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, aliandika kijitabu cha kuishutumu, akiwaita Waafrika hao watwana wa Uingereza Kuu. Aliwaandama watu wa taifa lake mwenyewe, chini ya bendera iliyomlinda. Sikubaliani na mengi ya Weston. Alikuwa mkali hata kwa Wakristo wenzake, na aliwapenda Waafrika kwa upendo wa baba asiyetaka watoto wakue haraka. Ila nauliza swali dogo: wakuu wa vyuo vyetu vya kanisa wanaandika nini? Wanaandika taarifa za uthibiti ubora. Wanaandika barua za shukrani kwa wafadhili. Likitokea jambo linaloumiza wananchi, iwe ni ardhi iliyotwaliwa au kijana aliyepotea, maaskofu husubiriwa watoe waraka, na vyuo vyao, vyenye vitivo vya sheria na sosholojia na maadili, hukaa kimya kana kwamba taaluma haina kinywa.

Halafu kuna Martin Kayamba, na hapa nasema hasa na wasomaji wangu walioko serikalini. Alizaliwa Mbweni mwaka 1891, akasoma Kiungani, akawa karani. Mwaka 1922, akiwa Tanga, alianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika, chama kilichowaunganisha Wakristo na Waislamu na watu wa makabila mbalimbali kwa kigezo cha kazi na elimu. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Chifu Makwaia na Francis Lwamgira kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, na mashahidi hao waliupinga. Aliporudi aliandika kitabu kwa Kiswahili kuhusu safari hiyo. Kayamba hakuwa mwanamapinduzi. Aliiheshimu serikali ya wakoloni kuliko ilivyostahili, na vijana wa miaka ya 1950 wangemwona mtu wa kujipendekeza. Lakini alijua kusoma hoja na kuandika hoja, na alijua kwamba karani ana haki ya kukaa na makarani wenzake na kuzungumza mambo ya nchi. Chuo kilichomlea kilimpa uwezo ambao waliomlea hawakuwa wamepanga matumizi yake yote.

Sasa niirudie leo. Kwa miaka michache nimekuwa mtahini wa nje katika taasisi kadhaa, baadhi yake za kanisa. Siku moja nilifungua karatasi za majibu themanini na kitu za somo la mwaka wa tatu. Swali lilimtaka mwanafunzi atathmini hoja ya mwandishi fulani. Karibu zote zilitoa pointi saba, kwa mpangilio uleule, kwa maneno yaleyale, na katika pointi ya nne likajirudia kosa moja la tahajia, karatasi baada ya karatasi, kama kovu la familia. Nilipoomba kuona nyenzo za kufundishia nililikuta kosa lile katika kijitini cha mhadhiri, kile ambacho wanafunzi hukiita desa. Wenye makosa hawakuwa wanafunzi. Walikuwa wamefanya kwa uaminifu walichotakiwa kufanya: kumeza na kutema. Niliandika taarifa. Mwaka uliofuata nikakuta pointi saba zilezile, ila tahajia imesahihishwa.

Najua majibu yanayokuja, kwa sababu nimeyasikia mezani.

La kwanza ni kwamba Serikali ilituua. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliiwezesha Serikali kuzichukua shule za madhehebu, na Chuo cha Mtakatifu Andrea, ambacho kilikuwa kimehamia Minaki huko Kisarawe tangu miaka ya 1920, leo ni sekondari ya serikali. Ni kweli, na walioumia waliumia. Lakini tangu miaka ya 1990 makanisa yamekuwa huru kuanzisha vyuo vikuu, na yameanzisha vingi, vya Kikatoliki, vya Kilutheri, vya Kianglikana na vingine. Hivi havikutaifishwa na mtu. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu ilipovizuia vyuo kadhaa kudahili wanafunzi wapya, na vya madhehebu vikiwamo, sababu haikuwa Azimio la Arusha. Kizazi kizima cha wahadhiri na wanafunzi kimepita mikononi mwa makanisa wenyewe, na kinachoulizwa ni walichofanyiwa humo.

La pili ni fedha, na hili silidharau. Vyuo vya kanisa vinaishi kwa ada, na ada inategemea mkopo wa wanafunzi, na mkopo una siasa zake. Mhadhiri mwenye vipindi ishirini kwa wiki, anayekimbilia chuo cha pili jioni ili watoto wake wale, hawezi kuandika kitabu kama cha 1907. Mwenye haki atalikiri hilo. Ila mwenye haki atatazama pia kinachojengwa. Chuo kinachokosa fedha ya kununua majarida kinapata ya ukumbi wa sherehe. Kinachokosa ya kumthibitisha mhadhiri wa muda kinapata ya gari la mkuu. Kiungani ilikuwa na matbaa kabla ya kuwa na fahari. Steere hakungoja jengo la kitivo cha lugha ndipo aanze kuuliza maana ya maneno.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi: kwamba chuo cha Kikristo kina kazi iliyo juu ya taaluma, nayo ni malezi. Vizuri, tuyaangalie malezi. Getini yupo mlinzi mwenye mamlaka ya kumrudisha binti hosteli kwa sababu ya urefu wa sketi. Mita mia mbili kutoka geti hilo kuna duka la stesheneri ambalo, kwa bei inayojulikana na kila mtu, litakuandikia utafiti wa shahada kuanzia sura ya kwanza hadi viambatisho. Mlinzi hatumwi huko. Msimamizi wa utafiti anasaini. Mwanafunzi anavikwa joho huku kwaya ikiimba. Kama uongo ni dhambi, basi hapa pana dhambi iliyowekewa muhuri na ofisi ya msajili, na binti wa sketi ndiye mwenye hatia ndogo kuliko wote waliokuwapo siku hiyo.

Na malezi gani hayo yanayoogopa swali? Wanafunzi wa chuo kimoja walinieleza kwamba klabu yao ya midahalo ilisitishwa baada ya kupendekeza mada juu ya uwazi wa mapato ya chuo. Waliambiwa mada hiyo si ya kiroho. Sijui ni kitabu gani cha roho kinachosema mahesabu hayamhusu Mungu; Agano Jipya ninalolisoma mimi limejaa wenye kudaiwa hesabu.

Liko pia suala la lugha, ambalo kwa vyuo hivi lina uchungu wa pekee. Watu waliochimba msingi wa Kiswahili cha kitaaluma wameacha wajukuu wanaobandika kwenye korido tangazo la kuzungumza Kiingereza pekee. Mwanafunzi wa theolojia atakwenda kuhubiri kwa Kiswahili Jumapili zote za maisha yake, lakini haruhusiwi kufikiri kwa Kiswahili Jumatatu hadi Ijumaa. Matokeo yake mahubiri hayana theolojia na theolojia haina wasikilizaji. Mwaka 1923 Godfrey Dale wa misheni hiyohiyo alichapisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili. Nia yake ilikuwa ya ubishi, na Waislamu walikuwa na haki ya kuikasirikia. Masheikh waliokuja baadaye walijibu kwa tafsiri zao wenyewe, na Sheikh Abdullah Saleh Farsy akawaachia Waswahili tafsiri iliyo bora mno. Hata ugomvi wa wakati ule, basi, ulizaa vitabu. Wetu unazaa jumbe za WhatsApp.

Sitaki kuambiwa kwamba nimekosoa bila kupendekeza. Ninachopendekeza hakihitaji mfadhili. Kila chuo cha kanisa kina kumbukumbu: madaftari ya udahili, mihutasari ya vikao, barua, majarida ya wanafunzi, picha zisizo na majina. Zitolewe stoo, zipewe wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nao waambiwe waandike kwa lugha waijuayo vizuri: nani alisoma hapa, nani alifukuzwa na kwa nini, wapishi na wafuaji walikuwa nani, mapato yalitoka wapi. Hakuna stesheneri inayouza kazi hiyo, kwa maana haijawahi kufanywa. Wahadhiri wasome kilichoandikwa na wajibu kwa maandishi. Yatakayogundulika mengine yatawaaibisha waanzilishi, na wakuu wa vyuo wayapokee hivyo hivyo.

Kwa upande wangu, nimempigia simu yule mkutubi mara mbili tangu jubilei. Mara ya kwanza vitenge vilikuwa bado havijaisha. Mara ya pili, wiki iliyopita, aliniambia vimekwisha, lakini stoo imepewa ofisi ya uhusiano, na ufunguo wa kasha haujulikani uliko. Nimemwambia nitakuja Jumamosi na fundi.